Vumbi Likamatwe Kwenye Msumeno

Hakuna ufundi uliotuzunguka maishani kama useremala. Mtoto hulazwa kitandani, akikua husomea juu ya dawati, akioa huingiza kabati na meza nyumbani mwake, na siku ya mwisho hubebwa juu ya jeneza. Vyote hivyo vimetoka mikononi mwa seremala. Walakini ni wachache miongoni mwetu tuliowahi kujiuliza mwenye mikono hiyo anavuta hewa gani tangu asubuhi hata jioni. Leo twataka kuliuliza swali hilo waziwazi, kwa kuwa majibu yake yamekwisha kujulikana duniani, na kwa kuwa dawa yake si ghali kuliko uhai wa mtu.

Apitaye Keko, Dar es Salaam, mahali palipojipatia jina kwa samani, husikia mlio wa mashine kabla hajaona kiti kimoja. Mojawapo ya mashine hizo ni msumeno wa pembe: sahani ya chuma yenye meno, iliyofungwa kwenye mkono unaoshushwa juu ya ubao, ukakata moja kwa moja au kwa mshazari. Kazi iliyokuwa ikimtoa fundi jasho kwa msumeno wa mkono na penseli, sasa huisha kwa kufumba na kufumbua. Fremu za milango, miguu ya meza na mbao za madawati hukatwa kwa wingi na kwa urefu ulio sawa. Sisi hatupingi mashine hata kidogo. Taifa lisilo na mashine litabaki likiuza magogo na kununua viti. Tunachokipinga ni desturi ya kuileta mashine na kuyaacha yale yanayopasa kufuatana nayo.

Wako wasemao kwamba wazee wetu walipasua mbao miaka yote wala hawakulalamika. Hoja hii yataka kujibiwa kwa adabu, maana ndani yake mna ukweli. Msumeno wa mkono huenda polepole, na unga wake kwa sehemu kubwa ni wa chembe nzito zinazoanguka miguuni pa fundi. Msumeno wa umeme huzunguka maelfu ya mara kwa dakika moja. Pamoja na maranda yanayoonekana, hutoa vumbi jembamba ambalo chembe zake nyingi hazifiki sehemu ya kumi ya unene wa unywele. Vumbi hilo halianguki upesi. Huelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, huku fundi akidhani kwamba hewa imekwisha kuwa safi. Basi wazee wetu na vijana wetu hawakupewa vumbi la namna moja, wala haifai kuyapima mapafu ya hawa kwa mapafu ya wale.

Madhara yake ni ya namna nyingi. Yapo ya siku ile ile, kama macho kuwasha, pua kuziba, kupiga chafya na ngozi kuvimba. Mafundi wanaoufahamu mvule na mpingo hawahitaji kuambiwa na mtu, kwani vumbi la miti hiyo huwasumbua wengi kwa mwasho, na baadhi yao huwatia pumu. Yapo madhara ya miaka, kama kikohozi kisichokwisha na kifua kubana. Mwaka 2002 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa karakana ndogo za mbao hapa Tanzania, wakaonyesha kwamba dalili za magonjwa ya kupumua zilikuwa nyingi kwao kuliko kwa watu wasiofanya kazi katika vumbi. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba maneno haya ni ya Ulaya tu.

Hata hivyo Ulaya nayo ina somo la kutufundisha. Katika mji wa High Wycombe, Uingereza, uliosifika kwa kutengeneza viti, matabibu waliona jambo la ajabu katika miaka ya 1960. Saratani ya ndani ya pua, ambayo ni adimu sana kwa watu wa kawaida, ilikuwa ikiwapata mafundi wa samani mara nyingi mno. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1968 ulithibitisha hofu yao. Baadaye ugonjwa huo uliingizwa nchini humo katika orodha ya magonjwa ya kazi yanayompa mfanyakazi haki ya kulipwa. Mwaka 1995 shirika la kimataifa linalochunguza saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu ambavyo hakuna shaka tena kwamba huleta saratani kwa binadamu. Jambo la kutisha zaidi ni kwamba ugonjwa huu huchukua miaka mingi kujitokeza, mara nyingi zaidi ya 20. Kijana anayeanza kazi leo akiwa na miaka 18 huenda asijue alichokipanda hata nywele zake zigeuke mvi.

Huenda msomaji akadhani kwamba madhara makubwa kama hayo hutoka kwa vumbi jingi mno. Na apime mwenyewe. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2023, haziruhusu vumbi la mbao ngumu kuzidi miligramu 2 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa ambayo mfanyakazi huivuta kwa wastani wa siku ya saa 8. Punje moja ya mchele ina uzito wa miligramu 20 hivi, na mtu afanyaye kazi huvuta kiasi cha mita 10 za ujazo za hewa kwa siku ya kazi. Maana yake ni kwamba vumbi lenye uzito wa punje moja ya mchele kwa siku ndilo lililowekewa mpaka. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujazwa ndani ya kifua cha mtu.

Sasa tuzitazame kinga zinazotumika katika karakana zetu. Ya kwanza ni maziwa. Mafundi wengi huamini kwamba glasi ya maziwa jioni huosha kifua. Maziwa ni chakula chema, nasi hatumkatazi mtu kuyanywa, lakini maziwa hushuka tumboni na vumbi hushuka mapafuni. Njia hizo mbili huachana kooni wala hazikutani tena. Mwenye karakana anayewagawia watu wake maziwa badala ya kuwaondolea vumbi amewapa chakula, kinga hajawapa.

Kinga ya pili ni upepo. Husemwa kwamba karakana yetu ni banda lisilo na kuta, basi upepo wa bahari utalichukua vumbi. Upepo hulichukua kweli, ila hulichukua baada ya kupita puani pa aliyeinamia msumeno, na akiisha kulivuta yeye, hupelekewa mama lishe na sufuria zake, na watoto wanaotoka shule. Kinga ya tatu ni kitambaa kilichofungwa puani. Kitambaa cha kawaida huzuia maranda na kupitisha lile vumbi jembamba, ambalo ndilo adui mwenyewe. Barakoa zilizotengenezwa kwa kazi hiyo zipo na zinafaa, hasa wakati wa kufagia na kumwaga mifuko. Lakini barakoa ni ngome ya mwisho. Askari mwenye akili hangoji adui afike mlango wa chumba cha kulala ndipo aanze kupigana.

Twafika sasa kwenye kiini cha maneno yetu, nacho ni hiki: vumbi likamatwe pale linapozaliwa, kabla halijafika hewani. Kila msumeno wa umeme ufungwe kwenye mtambo wa kuvuta vumbi, na ufungwe sawasawa. Huenda mtu akashangaa gazeti kuingia katika mambo ya mipira na mabomba. Twaingia kwa sababu hapo ndipo jambo lenyewe huharibika. Karakana zipo zilizokwisha kununua mtambo, mwenyewe akaridhika kwamba amefanya wajibu wake, na bado mafundi wake hurudi nyumbani kope zao zikiwa nyeupe.

Msumeno wa pembe ni mkaidi kuliko mashine nyingine za karakana. Meno yake, yanapopita kwenye ubao, hulitupa vumbi nyuma, upande ulio mbali na fundi. Kiwandani hutiwa mdomo mdogo nyuma ya kifuniko chake, na juu ya mdomo huo huvalishwa kijifuko. Kijifuko hicho hukamata sehemu tu ya vumbi; lililobaki hupita pande zote mbili na kutawanyika. Tena msumeno huu hautulii mahali pamoja. Huinuka na kushuka, huzungushwa kushoto na kulia, mwingine hulazwa, mwingine huvutwa mbele na nyuma. Na kila ugeukapo, mkondo wa vumbi nao hugeuka. Ndiyo maana mdomo mmoja hautoshi.

Mafundi walioshindana na tatizo hili katika nchi nyingi wamefikia njia ya midomo miwili. Mdomo wa kwanza ni ule ule wa msumeno. Huondolewa kijifuko, ukafungiwa mpira laini unaoweza kufuata mwendo wa mashine bila kuuvuta wala kuuzuia mkono wake, na mpira huo ukapelekwa kwenye mashine ya kunyonya yenye nguvu kubwa katika njia nyembamba. Mdomo wa pili ni sanduku la plaiwudi au bati lililowekwa nyuma ya msumeno. Upande wa mbele huwa wazi, na sanduku huwa pana kiasi cha kuuacha msumeno uzunguke bila kugonga. Sakafu yake huinama kuelekea tundu ambamo huingia bomba pana la mtambo mkubwa. Lile linaloponyoka mdomo wa kwanza hudakwa na wa pili.

Hapa kuna kosa ambalo ni lazima tulitaje. Mtu hununua feni kubwa iliyokusudiwa bomba la milimita 100, kisha akalikaza bomba hilo mpaka likatoshea mpira wa milimita 38 ulio mkiani mwa msumeno, akidhani nguvu yote itaingia humo. Sivyo. Bomba la milimita 100 lina nafasi karibu mara 7 ya mpira wa milimita 38. Feni ya namna hiyo huvuta hewa nyingi kwa nguvu ndogo, nayo ikizibwa koo husongwa. Ili vumbi la mbao lisilale njiani, hewa ndani ya bomba yapasa kwenda kwa mwendo wa kadiri ya mita 20 kwa sekunde. Katika bomba la milimita 100 hizo ni mita za ujazo zaidi ya 500 kwa saa. Basi bomba pana lipewe kazi pana, yaani lile sanduku, na mpira mwembamba upewe mashine ya kunyonya inayoufaa.

Mengine ni ya busara ya kawaida. Bomba liwe fupi na lenye kona chache, kwa kuwa kila kona hula nguvu. Mashine zikiwa nyingi juu ya mtambo mmoja, kila tawi liwe na kizibo cha kutelezesha, na matawi ya mashine zilizolala yafungwe. Mtambo uwashwe kabla ya msumeno, na uzimwe baada yake. Kabla ya feni liwekwe pipa la kuyapokea maranda mazito ili mfuko usijae upesi. Mfuko wenyewe uwe wa kitambaa kinachoweza kuzuia vumbi jembamba, au uwekwe nje ya jengo mahali pasipopita watu. Mfuko hafifu ndani ya karakana ni sawa na kufagia uchafu kwa mlango wa mbele na kuurudisha kwa dirisha la nyuma. Tena vumbi lililokwisha kuanguka lisipeperushwe kwa hewa ya kompresa wala kufagiliwa likiwa kavu, maana huko ni kulifufua.

Liko pia jambo la moto. Vumbi jembamba la mbao, likichanganyika na hewa kwa kiasi fulani na kupata cheche, huwaka kwa kishindo kama baruti. Mwaka 2012, katika jimbo la British Columbia, Kanada, viwanda viwili vya mbao vililipuka katika muda wa miezi michache, na katika kila kimoja wakafa watu 2. Mwaka 2015 kinu cha unga wa mbao huko Bosley, Uingereza, kililipuka na kuua watu 4. Kwa hiyo mtambo wa kuvuta vumbi usifanywe jaa la karakana. Misumari, vipande vya sigara na cheche za kusaga chuma visiingizwe humo, mabomba ya chuma yafungwe waya wa kupeleka umeme ardhini, na mifuko imwagwe kabla haijafurika. Kinga iliyotunzwa vibaya huweza kugeuka kuwa hatari nyingine.

Nani atalipa? Hili ndilo swali ambalo wenye karakana wengi hulitanguliza, nasi hatulikwepi. Sheria imekwisha kulijibu kwa sehemu. Katika Tanzania Bara, Sheria Namba 5 ya mwaka 2003 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi imempa mwajiri wajibu wa kuilinda afya ya watu wake kazini. Chini ya sheria ya fidia ya mwaka 2008 uliwekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ili aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi yake asitupwe. Hizi ni sheria njema. Lakini fundi wa karakana ndogo hulipwa kwa kipande, leo yuko kwa huyu, kesho kwa yule, wala jina lake halimo katika daftari lolote. Miaka 25 ikipita na ugonjwa ukamfika, atamwonyesha nani ushahidi? Mwajiri aliyemwinamisha juu ya msumeno huenda hayupo tena, na banda lenyewe limekuwa duka la simu. Kwa mtu kama huyu fidia ni ahadi ya mbali. Kinga ndiyo haki yake ya leo.

Kwa hiyo twasema hivi. Mwenye karakana mwenye uwezo, aliyejenga nyumba kwa faida ya msumeno, hana udhuru. Gharama ya bomba, sanduku na feni ni sehemu ya gharama ya kiti kama zilivyo mbao, gundi na varnishi, na aiweke katika bei. Mafundi wadogo waliopanga mabanda chini ya paa moja washirikiane. Mtambo mmoja wenye matawi na vizibo waweza kuwatosha watu wawili watatu wasiokata kwa wakati mmoja, na vyama vya kuweka na kukopa vipo kwa ajili ya mambo kama haya. Sanduku la plaiwudi la nyuma ya msumeno halihitaji mkopo wowote, kwani seremala aweza kulitengeneza kwa masalio ya mbao zake katika muda wa siku moja.

Kwa upande wa serikali na mashirika yake twaomba mambo matatu. Kwanza, SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, liwasaidie mafundi wetu wa bati na wa mota kutengeneza mitambo hii hapa nchini, iuzwe kwa bei inayolingana na mifuko ya watu. Pili, vyuo vya VETA vimfundishe kijana kufunga bomba la vumbi siku ile ile anayofundishwa kuwasha msumeno, ili ayahesabu mambo hayo mawili kuwa kitu kimoja. Tatu, serikali inunuapo samani iutumie ununuzi wake kuwa fimbo na zawadi. Mwaka 2016 taifa zima lilihimizwa kutengeneza madawati ili watoto wasikae chini, na jambo hilo lilikuwa jema. Lakini ubao wa kila dawati ulipita kwenye meno ya msumeno, na mbele ya msumeno huo alisimama mtu. Zabuni za siku zijazo ziulize, pamoja na bei na idadi, vumbi la kazi hiyo litakwenda wapi.

Mwisho twageuka kwa ninyi, ndugu maseremala. Tunajua kwamba katika ufundi wenu kuna fahari ya kustahimili, na kijana alalamikaye vumbi huchekwa na kuambiwa kwamba bado hajakomaa. Mila hiyo ife. Mdharau mwiba mguu huota tende. Yule mwanagenzi mnayempa ufagio kila jioni ndiye avutaye vumbi jingi kuliko wote, na ndiye mwenye miaka mingi ya kuugua mbele yake. Mlindeni kwa vile mnavyoulinda ubao wa mninga usipasuke. Daini mtambo kama mnavyodai ujira, na ukiisha kufungwa, utumieni wala msiuache uote kutu kwa kuogopa bili ya umeme. Kiti kilichovunjika hutengenezwa upya, bali pafu lililoharibiwa na vumbi hakuna fundi, hata awe hodari namna gani, awezaye kulitia gundi.